Nani Atatulipa? Jinsi Vyuo Vikuu Vinavyoazimana Vitabu

Nilishuka basi la usiku jijini Kampala saa kumi na moja alfajiri, nikanywa chai kwenye kibanda karibu na kituo nikingoja kupambazuke. Mfukoni nilikuwa na kitambulisho cha chuo changu cha kaskazini, na ndani ya daftari nilikuwa nimeandika jina la kitabu kimoja cha fonolojia ya lugha za Kibantu. Katalogi ya chuo kimoja cha jijini ilionyesha kwamba kitabu hicho kiko rafuni. Msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa ameniambia kwamba vyuo vyetu hivi viwili vina makubaliano, nami nikaelewa kwamba nitaingia, nitakichukua na kurudi nacho nyumbani. Saa tatu asubuhi mama wa mapokezi ya maktaba alikigeuza kitambulisho changu mara mbili. Lafudhi yangu ilikwisha kumjulisha kwamba natoka West Nile kama yeye, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, ukipotea na kitabu chetu, nani atatulipa?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa mezani, nikanakili sura mbili kwa mkono hadi vidole vikauma, nikapanda basi la jioni. Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile nilinyimwa haki yangu. Baadaye, nilipoanza kufuatilia jinsi mambo haya yanavyoendeshwa, ndipo nilipotambua kwamba mama yule aliuliza swali lililobeba jambo zima. Makubaliano ya kuazimana vitabu, ukiyavua maneno yake ya kiofisi, ni jibu la swali lile. Mahali ambapo jibu limeandikwa na kutiwa saini, kitabu hutoka. Mahali ambapo halijaandikwa, hata urafiki wa makamu wakuu wa vyuo haukitoi kitabu rafuni.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuelewa. Mwenye kitu huazima, na asiye nacho pia huazima. Mazungumzo ndiyo yanayotuonyesha nani anatoa na nani anapokea. Ukisema wanaazimana, kila upande umekuwa mtoaji na mpokeaji kwa zamu. Sasa jiulize: wanaoazimana hapa ni nani? Si mwanafunzi na maktaba ya ugenini. Ni maktaba mbili. Maktaba ya ugenini inaiazima maktaba ya kwenu, nayo ya kwenu ndiyo inayokuazima wewe, hata kama ni wewe uliyepanda basi na kukipokea kitabu kwa mikono yako miwili. Mwanafunzi si mshirika katika mkataba ule. Ndiyo maana kitambulisho peke yake hakikunifaa kitu: kilithibitisha mimi ni nani, lakini hakikusema nani ananibebea dhamana.

Aliyewahi kuchukua mkopo wa SACCO analijua jambo hili vizuri. Chama hakikupi fedha kwa sababu uso wako ni mwema. Kinataka mdhamini, mtu mwenye akiba yake mle ndani, ambaye ukikimbia wao watakata kwake. Maktaba ya chuo chako ndiyo mdhamini huyo. Inapokuandikia barua kwenda chuo kingine inatamka kwamba kitabu kisiporudi, italipa yenyewe au itanunua nakala nyingine, kisha ihangaike na wewe kivyake.

Na ina namna ya kukubana. Huku Uganda mwanafunzi anayemaliza masomo huzunguka na fomu kutoka ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba hadaiwi, na maktaba ni mojawapo ya zile zinazopaswa kupiga muhuri. Bila muhuri huo karatasi zako za kuhitimu zinakwama. Maktaba ya ugenini haina silaha kama hiyo juu yako. Ukiondoka na kitabu chake, itakupigia simu mara tatu, simu itazimwa, na mambo yatakuwa yameishia hapo. Nguvu yote iko kwenu, kwa hiyo dhamana nayo lazima itoke kwenu.

Tukishaelewa hivyo, tunaweza kulifungua lile fundo linalowasumbua wengi. Msimamizi anapomwambia mwanafunzi kwamba vyuo vina makubaliano, anaweza kuwa anasema mojawapo ya mambo manne, na kila moja lina masharti yake. Linalopatikana kwa urahisi kuliko yote ni ruhusa ya kuingia na kusoma. Unafika na barua ya utambulisho, unaandikishwa, unakaa mezani, unarudisha kitabu kabla ya kutoka. Hatari kwa mwenyeji ni ndogo, kwani kitabu hakivuki mlango. Baadhi ya maktaba hutoza wageni ada kidogo kwa siku au kwa muhula, na makubaliano yanaweza kuiondoa ada hiyo. Mara nyingi haya ndiyo yote yaliyomo, na mtu anayetarajia zaidi hupata uchungu nilioupata mimi.

La pili ni kuazima kwenye kaunta ya chuo kingine, na hapa ndipo dhamana inapoanza kufanya kazi kweli. Mfano ulioendelea ninaoufahamu ni wa Uingereza, ambako maktaba nyingi za vyuo vikuu zimeingia katika mpango uitwao SCONUL Access. Mwanafunzi huomba kwenye mtandao, chuo chake kinaangalia kama hana deni, kikiridhika kinamtumia barua pepe ya idhini, na barua hiyo ndiyo anayoionyesha anakokwenda. Tazama mpangilio huo: uamuzi wa kwanza unatolewa nyumbani. Tazama pia nani anaruhusiwa. Wahadhiri, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na wale wanaosoma kwa masafa wanaweza kuazima. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma muda wote kwa kawaida huruhusiwa kusoma mle ndani tu.

Wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza huona ubaguzi katika kanuni ya namna hii, nami nawaelewa, lakini ina sababu yake. Vitabu vya kiada vya mwaka wa pili wa sheria au biashara ni vilevile karibu kila chuo, na mitihani huangukia majira yaleyale. Chuo kikifungua kaunta kwa wanafunzi wote wa jirani, wiki mbili kabla ya mitihani wanafunzi wake wenyewe watakuta rafu tupu. Mtafiti wa uzamili kwa kawaida anatafuta kitabu ambacho hakuna mwingine aliyekigusa kwa miaka mitano. Kukiazimisha hakumkoseshi mtu usingizi.

La tatu ni kitabu kusafiri chenyewe: maktaba yako inaandikia nyingine, kitabu kinafungwa na kutumwa, unakipokea kwenu na kukirudisha kwenu. Utaratibu huu una umri mkubwa. Joseph Rowell, mkutubi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza kuazimana vitabu na Maktaba ya Jimbo la California mwaka 1894. Kwetu kikwazo kikubwa ni njia na gharama. Kutoka Gulu hadi Kampala ni kama kilomita 330, Mbarara kama 270, Arua inakaribia 500. Kifurushi kinaweza kusafiri kwa basi vizuri tu, watu hutuma mambo mengi kwa njia hiyo kila siku, lakini nani alipie nauli ya kwenda na ya kurudi, na kitabu kikilowa mvua njiani kiko mikononi mwa nani? Mkataba usiojibu maswali hayo mawili huwa mzuri siku ya kutiwa saini tu. Kwa sababu hiyo maktaba nyingi hupenda kutuma nakala ya makala au sura kwa barua pepe, na kukiacha kitabu chenyewe mahali pake.

La nne, yaani majarida na vitabu vya kielektroniki, nitalirudia, maana lina mantiki nyingine kabisa.

Kabla ya hapo nataka kueleza kwa nini Afrika Mashariki inahitaji kuazimana kuliko tunavyodhani. Chuo cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kilifundisha udaktari tangu mwaka 1924, na hadi leo maktaba ya tiba iliyoko Mulago inaitwa kwa jina la Albert Cook, yule daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na fani za gharama kubwa ziligawanywa: aliyetaka udaktari alikuja Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi au tiba ya mifugo alikwenda Nairobi. Vitabu vilifuata fani. Mwaka 1970 chuo kile kikavunjwa, kila nchi ikabaki na tawi lake, na kila tawi likabaki na sehemu yake ya maktaba ambayo ilikuwa imekusanywa kwa ajili ya watu wa nchi tatu.

Hata sisi wa Kiswahili tumeguswa na kuhamahama huko. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa na makao Makerere kuanzia 1952 hadi 1962, ikahamia Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako kazi yake iliendelezwa na taasisi ya Kiswahili ya chuo kikuu cha huko. Kijana wa Uganda anayeandika juu ya usanifishaji analazimika kufuata nyayo za kamati ile kutoka mji hadi mji. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, walimu wanahitajika, nao wanafunzwa katika vyuo ambavyo vingi vina rafu moja au mbili tu za vitabu vya Kiswahili. Tunalo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake hapahapa Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Mwanafunzi ametambuliwa kuvuka mpaka. Kitabu nacho kinastahili kupewa njia ya kumfuata.

Basi kwa nini makubaliano mengi hudumaa? Kwa maoni yangu sababu kubwa ni mizani kulala upande mmoja. Neno kuazimana linadai zamu, lakini maktaba hazilingani. Chuo kilichozaliwa mwaka 1922 na kile kilichozaliwa miaka ya 2000 havina uzito mmoja. Mbarara ilianza mwaka 1989, Gulu mwaka 2002, Busitema mwaka 2007. Chuo kikongwe kitaombwa vitabu mia kabla hakijaomba kumi, na mkutubi wake ana haki ya kuuliza anapata nini. Tukimwita mchoyo tutakuwa tumekwepa hesabu anayoikabili kila siku: kitabu kinachokwenda na kurudi huchakaa, na mfanyakazi anayekitafuta na kukifunga analipwa na chuo kimoja tu.

Wengine wamewahi kuitafutia hesabu hiyo dawa. Uingereza ilijenga ghala la taifa la kuazimisha huko Boston Spa, likafunguliwa mwaka 1962, ili mzigo usiwaelemee wachache. Vitabu vyake vilinunuliwa kwa nia ya kutumwa kwingine. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, nalo lilileta mwaka 1995 vocha za plastiki: anayeomba anatuma vocha, anayetoa anabaki nayo, na siku atakapohitaji kitabu anaitumia hiyohiyo kwa mwingine. Ni kama upatu wa akina mama mtaani, fedha inazunguka bila kutoka nje ya duara, na anayetoa zaidi anabaki na kitu mkononi. Mimi naona vyuo vyetu vingefaidika na kitu chenye roho hiyo, hata kama ni daftari la pamoja la mapokezi na malipo mwisho wa mwaka. Pia kuna malipo yasiyo ya fedha. Chuo cha Mbale, Arua au Kabale kinaweza kuwa na tasnifu, kumbukumbu na machapisho ya eneo lake ambayo chuo kikongwe cha Kampala hakina. Kikiyapanga vizuri na kuyaweka katika katalogi inayoonekana mtandaoni, kinakuwa na cha kutoa.

Sasa la nne. Wanafunzi huniuliza: kama vyuo vinaazimana vitabu vizito vya karatasi, inakuwaje vishindwe kuazimana makala ambayo haina uzito wowote? Jibu liko katika tofauti ya kumiliki na kupanga. Kitabu cha karatasi maktaba imekinunua. Ni mali yake, na inaweza kumpa jirani kwa wiki mbili bila kumwomba mchapishaji ruhusa. Majarida mengi ya kielektroniki haikuyanunua. Imepanga, kama mtu anavyopanga chumba, na mwenye nyumba ameandika ni nani wanaruhusiwa kulala humo. Mpangaji hawezi kumkabidhi jirani ufunguo. Ndiyo maana nywila ya rafiki yako wa chuo kingine si njia halali, na ikigundulika mchapishaji anaweza kukifungia chuo kizima.

Njia iliyopo ni kupanga pamoja. Maktaba za vyuo vikuu vya Uganda zina muungano wao, CUUL, ambao hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama na kugawana gharama. Kuna pia mpango wa Research4Life, unaojumuisha HINARI ya afya iliyoanza mwaka 2002 na AGORA ya kilimo iliyofuata mwaka 2003, ambako taasisi zilizosajiliwa za nchi kama yetu hupata majarida bila malipo. Mara nyingi makala uliyotaka kuifuata Kampala ipo kwenye kompyuta ya maktaba yenu wenyewe, ila hakuna aliyekuonyesha mlango. Tena mikataba mingi ya wachapishaji humruhusu mgeni aliyeingia ndani ya jengo la maktaba kusoma akiwa pale pale. Ukienda ugenini, uliza.

Mfano ninaoupenda katika upande huu ni eduroam, ile intaneti isiyo na waya ambayo RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, inaiendesha katika vyuo vingi. Mwanafunzi wa Mbarara akifika chuo cha Mukono chenye huduma hiyo, simu yake inaunganika yenyewe. Kinachotokea ni kwamba chuo mwenyeji hakimjui; kinauliza kwao, kwao wanajibu kwamba ni wetu, mlango unafunguka. Ni dhamana ileile ya barua ya mkutubi, imechukua sekunde chache. Vyuo vilivyokwisha kuaminiana kiasi hicho katika intaneti vina msingi wa kuaminiana katika vitabu.

Yapo ambayo hayatoki hata mkataba uwe mzuri vipi. Makerere ni maktaba ya amana kisheria tangu mwaka 1958, yaani wachapishaji wa Uganda wanatakiwa kupeleka huko nakala za wanavyochapisha, na Maktaba ya Taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 nayo ilipewa jukumu hilo. Nakala za amana, vitabu adimu vya mkusanyiko wa Afrika, magazeti ya zamani, tasnifu zilizojalidiwa na vitabu vya marejeo husomwa pale pale. Hapo unachoweza kupata ni nakala ya kurasa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inaruhusu matumizi ya haki, likiwamo tumizi lako binafsi, ilimradi mwandishi hadhuriwi. Kutoa nakala ya sura unayoihitaji kwa utafiti wako ni jambo moja; kupeleka kitabu kizima mtaa wa Wandegeya jijini Kampala kikatolewe nakala ishirini za kuuza ni jambo jingine, na maktaba iliyokuamini ndiyo itakayoulizwa. Tasnifu nyingi za Makerere, kwa bahati nzuri, zimewekwa wazi kwenye hazina ya chuo mtandaoni, kwa hiyo angalia huko kabla ya kukata tiketi.

Safari yangu ya pili, mwaka uliofuata, niliianzia kwetu. Nilikwenda kwa mkutubi mkuu na kumuuliza makubaliano yetu na chuo kile yanasema nini hasa: kusoma, kuazima, au kutumiwa? Alitoa faili, akasoma, akaniambia wanafunzi wa uzamili wanaweza kuazima vitabu viwili kwa siku kumi na nne, na kwamba lazima barua itaje jina, namba ya usajili, programu na tarehe ya mwisho. Aliitia saini na muhuri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alimpigia mwenzake simu kuuliza kama kitabu kiko ndani na kukihifadhi hadi Alhamisi, maana katalogi huonyesha kipo hata kikiwa mezani kwa mtu au kimewekwa rafu isiyo yake. Niliandika pia alama yake ya rafu, ile ya kwenye mgongo wa kitabu, kwa sababu ugenini hakuna anayejua ulikuwa unakumbuka jalada la rangi gani.

Yule mama alikuwapo. Aliisoma barua hadi mwisho, akaitoboa na kuiweka kwenye faili lenye jina la chuo changu, akanipa kitabu. Siku ya kumi na mbili nilikirudisha mwenyewe. Aliandika stakabadhi, akaniagiza niipeleke kwa mkutubi wetu wala nisiiache mfukoni, kwa kuwa bila hiyo jina langu litabaki katika daftari la wadaiwa wa nyumbani hata kama kitabu kimekwisha kurudi rafuni kwake. Nilitoa nakala moja nikabaki nayo. Miezi minane baadaye, nikizunguka na fomu ya kuhitimu, karani mpya wa maktaba yetu alikuta jina langu halijafutwa, na nakala ile ndiyo iliyonipatia muhuri.